Bwawa la Baba Mkwe

Anjela alikuwa na digrii tatu, na katika zote tatu hakufundishwa kwamba kuliandika jina la baba mkwe ni sawa na kulitamka. Kutolitamka, hilo alilijua. Tangu aolewe na Gwakisa hakuwahi kulitia jina la mzee mdomoni, hakuwahi kukutana naye uso kwa uso, hakuwahi kula mbele yake. Mzee akiingia mlangoni, mkamwana anatokea dirishani, ndivyo Gwakisa alivyozoea kumtania. Wanyakyusa wengi wa mjini wamekwisha kulegeza mambo hayo. Mzee yule wa pwani ya Ziwa Nyasa hakulegeza hata uzi. Na Anjela, Mhehe wa Iringa, aliyelelewa kusalimiana na kila mtu kwa mkono, alijikaza akafuata. Kisha akaja kuharibu kwa kalamu.

Ilikuwa hivi. Mtendaji wa kijiji cha Isumba, huko Kyela, alisimama mbele ya mkutano, akavaa miwani, akaanza kusoma barua ya chuo. Wafadhili wametoa fedha za utafiti ili vijiji vya mwambao wa ziwa vijue maji yanayopanda yatafika wapi na yatarudi lini. Watu wakapiga makofi, maana masika yaliyopita ziwa lilibeba majiko, mabanda ya ng'ombe na nusu ya shamba la kakao la kanisa. Mtendaji akanogewa, akapandisha sauti. "Mahali pa kuchimba: Bwawa la Ambokile. Mkuu wa utafiti: Daktari Anjela, mkewe Gwakisa."

Makofi yakafa. Mzee Ambokile, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, aliinuka, akaipangusa suruali yake, akaondoka bila kuaga mtu. Anjela alikuwa nyuma kabisa, amejibanza kati ya wanawake kama desturi ilivyomtaka, na aliona mgongo wa mzee tu, ukipungua njiani. Mwanamke mmoja akamsogelea sikioni, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Goodness, umemvua nguo baba mkwe wako mbele ya watu." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ulimuuma Anjela kuliko kama angetukanwa.

Masikini, yeye alidhani anamheshimu. Katika kazi yake ya kusoma matope ya maziwa, bwawa likichimbwa hupewa jina la mwenye ardhi, na jina hilo huenda dunia nzima, likasomwa na watu wasioijua Kyela wala ndizi zake. Alidhani atamfurahisha mzee.

Nyumbani kwao Soweto, Mbeya mjini, Gwakisa hakugomba, na bora angegomba. Alikuwa mtu wa duka la vipuri vya magari, amezoea wateja wakali. Alikaa mezani akauzungusha ufunguo wa duka kidoleni.

"Mimi sikulitamka," Anjela alisema. "Niliandika."

"Mtendaji alisoma barua ya nani?"

"Yangu."

"Basi ulilitamka wewe, kwa mdomo wa mtendaji. Tena mbele ya kijiji."

"Kwa hiyo bwawa la baba niliite nini? Bwawa la Fulani?"

"Ungeniuliza."

Kweli angemuuliza. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Alikuwa ameuliza maprofesa wa nchi tatu kuhusu bwawa lile, na mume aliyelala ubavuni mwake hakumuuliza neno.

Na bwawa lenyewe halikuwa na mbadala. Pwani yote ya Isumba imelimwa mpunga. Tope limegeuzwa kwa majembe, la juu limekwenda chini na la chini juu. Dimbwi lile moja tu, nyuma ya nyumba ya mzee, halikuwahi kulimwa. Lilikuwa limetulia na matete yake tangu enzi za babu zake, na chini yake, kama Anjela alikuwa hakosei, ziwa lilikuwa limeandika kila siku liliyowahi kutoka mahali pake.

Lakini si bwawa tu lililompa homa. Kijiji kilikuwa kimegawa viwanja vipya, kule nyuma ya shule, ili watu wahame pwani kabla ya masika. Wa kwanza kupewa alikuwa mzee mwenyewe. Alikwisha kufyatua matofali, akayachoma, akayapanga. Watu wa Isumba walimngoja yeye tu. Mzee yule akihama, kijiji kinahama. Na Anjela alikuwa ameiangalia picha ya setilaiti ya viwanja vile mpaka macho yakamwuma. Kulikuwa na mstari mwembamba, umejipinda taratibu, unaofuata pwani ya leo kwa mbali. Mstari kama ule unaweza kuwa njia ya zamani ya ng'ombe. Unaweza pia kuwa ufuko wa zamani, na kama ni ufuko, basi mzee alikuwa anawahamisha watu kutoka kwenye maji kuwapeleka kwenye maji. Bila kuchimba hakuwa na ushahidi. Na bila ushahidi, mkamwana aliyemvua mzee nguo atamwambia nini?

Mkuu wa idara chuoni alikuwa mtu mwema aliyekwisha kuchoka. "Daktari," alisema, "mwenye ardhi asiporidhia mpaka mwisho wa mwezi, fedha tunazihamishia kijiji kingine. Ziwa ni refu. Wafadhili hawajui habari za wakwe, na mimi sijui nitawaelezaje."

"Hata mimi sijui," Anjela alisema.

Aliyeliokoa jahazi alikuwa mama mkwe, Tusekile, kwa simu, akinong'ona kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Mwanangu, leta mbuzi. Jike. Na blanketi, siyo yale membamba ya mnadani. Usije mikono mitupu ukasema samahani; samahani tupu huyu mzee haili."

"Atakubali, mama?"

"Mbuzi atakubali. Mengine tutaona."

Walishuka Kyela siku ya soko, Anjela na Gwakisa na mbuzi nyuma ya pikapu, wakapita Tukuyu na baridi yake mpaka joto la bondeni likawapokea. Parth Premji alikuwa amewatangulia kutoka Iringa. Ndiye aliyechonga bomba la kuchimbia katika karakana ya baba yake. Jamaa mrefu, mpole, aliyezaliwa Iringa na aliyekijua Kihehe kuliko Anjela mwenyewe, jambo ambalo hakuacha kumkumbusha.

Hapo ndipo vichekesho vilipoanza, ingawa Anjela hakucheka. Parth alikaribishwa barazani, akapewa kiti chenye mto, akaletewa chai na mihogo. Daktari Anjela, mkuu wa utafiti, akapelekwa jikoni, akakaa kwenye kigoda, akapewa kisu na mkungu wa ndizi amenye. Kati yao palikuwa na ukuta wa mianzi uliopitisha kila kitu isipokuwa macho.

"Kijana," sauti ya mzee ilisema upande wa pili, "wewe ndiye mkubwa wa kazi hii?"

"Hapana, mzee. Mkubwa wangu yuko jikoni."

"Jikoni yuko mke wangu."

"Kuna na mwingine, mzee."

Kijiko kiligonga kikombe. Gwakisa akakohoa. Kisha mzee akaita, "Mama Gwakisa," na Tusekile akaenda kusimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje, na kuanzia hapo maneno yote yalipita kwake, ingawa hakuna aliyekuwa kiziwi.

"Muulize huyo mtu wako," mzee alisema, "bwawa lile mimi mwenyewe sijalilima. Baba yangu alilikataza. Wanataka nini humo?"

Tusekile akageuza shingo. "Anauliza mnataka nini."

"Mwambie baba," Anjela alisema, akiziangalia ndizi, "ndiyo sababu nalitaka. Tope lisiloguswa na jembe limekaa kwa zamu yake, la juzi juu, la kale chini. Ziwa likiingia huacha mchanga. Nataka kuona liliingia mara ngapi, na lilifika wapi."

"Anasema ziwa linaacha mchanga."

"Nimesikia. Mwambie ziwa nimekua nalo. Tena mwambie matofali yangu yameiva, na mvua haipokei barua za chuo."

Anjela alisimamisha kisu. Alijua hapana pengine pa kulisema. "Mwambie asijenge kabla hatujachimba."

Mkamwana hamwambii baba mkwe asifanye jambo. Tusekile alimtazama Anjela, akageuka. "Anasema anakuomba, kama utaona vema, usubiri kidogo."

"Sikumsikia akiomba," mzee alisema.

"Mimi nimemsikia," Tusekile alijibu, kavu kabisa. "Mimi ndiye niliye mlangoni."

Parth aliinamisha uso kwenye chai. Mbuzi akalia uani kana kwamba naye anataka kusikilizwa. "Mbuzi nimempokea," mzee alisema mwishowe. "Na blanketi. Sasa lile jina?"

"Limefutwa, baba." Neno lilimtoka Anjela kabla hajakumbuka kulipitisha, akajiuma mdomo. Tusekile akalikimbilia. "Anasema limefutwa. Sasa panaitwa Bwawa Namba Moja."

"Namba moja," mzee alirudia. Alilipima neno. "Hilo siyo baya. Wachimbe kesho. Mimi nitakuwepo. Na yeye akae upande wake."

Kesho yake wakatundika mkeka kati ya miti miwili pembeni mwa bwawa. Upande huu alikaa mzee kwenye kigoda, mgongo kwa mkeka. Upande ule alisimama Anjela, matope mpaka magotini. Parth na Gwakisa walilisukuma bomba kwa nguvu za mikono, likashuka taratibu kwenye tope laini. Wakalizungusha, wakalivuta, na lilitoka likinuka yai viza. Wakalilaza kwenye nailoni. Parth akaufungua mlango wake mwembamba wa chuma.

Anjela alikuwa amefungua mabomba kama hayo kwenye maziwa ya watu, huko alikosoma, na alikuwa ameandika kitabu kizima kuyahusu. Hapa aliinama tu akatazama. Tope lilikuwa limelala ndani, jeusi linalong'aa, halafu kahawia, halafu jeusi tena, mistari membamba isiyo na idadi, imekaa imenyooka kana kwamba mtu aliipanga kwa mkono na kuikalia asiivuruge. Na katikati ya weusi ule ukapita mstari mweupe. Mchanga. Ndani ya mchanga, magamba madogo ya konokono wa ziwa, mazima, yakimeremeta. Wale konokono hawaishi bwawani. Waliletwa na maji. Machozi yalimjia, na hakuona haya.

"Mbona wamenyamaza?" mzee aliuliza nyuma ya mkeka. "Mama Gwakisa, mbona wamenyamaza?"

Tusekile naye alikuwa ameinama, kiganja kinywani.

Mzee akainuka. Akauzunguka mkeka kwa upande wa pili, asipite alipo mkamwana, akasimama ng'ambo ya bomba akalitazama. Anjela hakuinua uso. Mzee naye hakuinua uso wake. Desturi inakataza watu wale wawili kutazamana. Haisemi neno juu ya watu wawili kutazama tope moja.

"Muulize huu mweupe ni nini."

"Mwambie baba, hapo ziwa lilivuka. Siyo zamani sana. Ni ndani ya umri wa mzee aliye hai."

Mzee akachuchumaa polepole, magoti yakilia, akaweka kidole chake pembeni mwa ule mstari. Vilikuwa sawa kwa upana. "Baba alinibeba mgongoni," alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Nilikuwa mdogo. Ndama walikuwa wanaelea, wanalia. Mama alishika mgomba, mgomba ukang'oka naye. Tulimpata asubuhi, mzima, juu ya mti." Alikitazama kidole chake. "Vilio vyote vile. Vyote vimekaa humu."

Parth akaunga chuma kingine, wakashusha bomba chini zaidi, na zaidi. Kila lilipofunguliwa, mzee alikuwa amekwisha kuinama kabla ya mlango kufunguka. Likaja tabaka la mchanga pana kama kiganja. "Huu je?" Huu hakuna anayeukumbuka, baba, Anjela alisema kwa Tusekile. Likaja jingine, pana kuliko hilo. Mzee akaacha kuuliza, akawa anahema tu. Alikuwa amekaa na ziwa lile maisha yake yote akidhani amelijua, kumbe alilijua kwa upana wa kidole.

Jua lilipokuwa utosini bomba likagoma. Likasaga, likakwaruza. Wakalivuta kwa tabu, na lilipofunguliwa palikuwa na kitu cha kijivu cheupe, chepesi, kinachokwaruza mkono. Anjela akakisugua kati ya vidole, akakaa chini matopeni, puu, na nguo zake zote.

"Ni nini?" Gwakisa aliuliza, ameshtuka.

"Majivu ya Rungwe." Anjela alikionyesha kiganjani. "Mlima ulipolipuka. Wataalamu wanakadiria miaka elfu nne."

Wote, bila kuambiana, wakageukia kaskazini. Mlima Rungwe ulikuwa kule mbali, umejifunika wingu, mpole, na migomba na chai vimeupanda mpaka kiunoni. Hakuna Mnyakyusa pale ambaye hakuwa na ndugu aliyelala juu ya mlima ule usiku uliopita. Mzee akaivua kofia yake.

"Muulize kama watu walikuwepo."

"Anauliza watu."

"Sijui, mama. Labda walikuwa wamesimama hapa hapa tulipo."

Mzee akakigusa kile kijivu kwa kidole kimoja, akakirudisha kidole haraka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ndaga," ile shukrani ya Kinyakyusa, na hakumtaja anayemshukuru. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii Anjela aliona aibu kuiita kazi.

Saa ile ile angeweza kuridhika, akafunga vyombo, akarudi Mbeya na habari njema. Lakini mstari wa kwenye picha haukumtoka kichwani.

"Mama," alimwambia Tusekile, "muombe baba tuchimbe na kiwanjani."

Safari hii hakuna aliyehitaji kulilainisha neno. Mzee aliongoza njia mwenyewe, na alitembea kwa madaha, kwa maana pale palikuwa kwake na alitaka paonekane. Kiwanja kilikuwa kimefyekwa vizuri. Matofali yalipangwa kimo cha mtu, yamefunikwa majani ya migomba, mekundu, yamepikwa yakapikika. Kamba ya msingi ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye vigingi. Chumba cha mbele, korido, chumba cha wajukuu. Alimwonyesha Parth kila kimoja. "Hapa Goodness atalala akija likizo. Dirisha linatazama shule. Maji yatafika lini hapa? Tazama ziwa lilivyo mbali."

Udongo ulikuwa mkavu, bomba halikuweza, wakachukua keekee ya mikono, ile ya kutobolea ardhi. Gwakisa akaizungusha. Ukatoka udongo mwekundu, mzuri, wa kufinyanga. Ukatoka tena. Mzee akatabasamu. Watu wawili watatu waliokuwa wakipalilia karibu wakasogea. Nao viwanja vyao vilikuwa vimepakana na hicho.

Halafu mlio ukabadilika. Keekee ikaanza kusaga kama mtu anayetafuna wali wenye mawe. Gwakisa akainyanyua.

Mchanga mweupe. Akachimba tena, mchanga. Mkono mzima ulizama shimoni na bado ulikuwa mchanga, na magamba yale yale, madogo, mazima.

"Daktari," Parth alisema kwa sauti ya chini, "ni ule ule."

Aliujua. Ulikuwa ni ule wa chini bwawani, ulio mpana kuliko yote, ambao hakuna anayeukumbuka. Siku ile ziwa halikuishia bwawani. Lilikuja mpaka hapa, likatulia, likalala juu ya chumba cha Goodness. Anjela alikuwa ameomba ushahidi usiku na mchana, na sasa alipoupata alitamani udongo uufunike tena.

Mzee alijipinda akachota mchanga kiganjani. Akaumwaga taratibu, mpaka likabaki gamba moja. Akalitazama kwa muda. Akayatazama matofali. Akatazama ng'ambo ya mashamba, ziwa lilikokuwa linang'aa kwa mbali, bluu, limetulia tuli.

"Mama Gwakisa," alianza.

"Ndiyo."

"Mwambie..." Akasita. Tusekile alimsubiri, mdomo umekaa tayari kuyapokea maneno na kuyapeleka, kama alivyofanya miaka yote ile. Mzee akatikisa kichwa. Akageuka, mzima mzima, akamtazama Anjela usoni.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye umeona chini. Nijenge wapi?"

Anjela alikuwa hajawahi kuyaona macho yake. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, mekundu pembeni, na yalikuwa na hofu. Aliyataka maneno yale tangu siku aliyoolewa, alikuwa hata amefanya mazoezi ya kuyajibu.

"Sijui, baba," alisema. "Bado sijui."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akayafunua majani ya migomba, akaketi juu ya matofali yake, fimbo kati ya magoti, uso amemwelekea.

"Basi chimba," alisema.

Gwakisa akataka kuishika keekee. Anjela akaichukua yeye, akahesabu hatua kuelekea kule ardhi inakoanza kupanda, akaisimamisha, na mzee akimtazama, akaanza kuizungusha.